Mluzi wa Mama Umehamia Msituni

Kambi ya Watafiti wa Ndege,
Nyuma ya Kituo cha Misitu.
Jumapili, tarehe 14 Mei

Mpendwa Kitindamimba wetu,

Pokea salamu za dada yako, salamu zenye matope hadi visiginoni. Hujambo wewe? Hajambo wifi yangu? Wanangu, hao watoto wako, nao wanaendeleaje? Na goti lako je? Mara ya mwisho uliniambia linalia kila ukipanda ngazi. Natumaini umekwenda kwa daktari wa kweli na si kwa yule rafiki yako anayejua dawa ya kila kitu isipokuwa ya upara wake. Nasikia baridi ya huko imeanza kulegea. Kama haijalegea, vaa soksi mbili na uache kujifanya kijana.

Mimi ni mzima wa afya. Mgongo unanisumbua kidogo kwa sababu ya hiki kitanda cha turubai, na mbu wa huku wamenipenda kupita kiasi, lakini nakula vizuri na nalala fofofo. Ukiniona leo utasema nimerudi usichanani, ila usinitazame kwa karibu sana.

Nyumbani nako hakuna baya. Shemeji yako anatawala sebule peke yake, yeye na remoti. Amejifunza kupika wali usioungua, jambo ambalo kwa maisha yote ya ndoa yetu aliniapia kwamba haliwezekani. Mpwa wako amepandishwa cheo kazini, na siku hizi akikupigia simu anaanza na neno "kwa kifupi" halafu anaongea mpaka sikio linapata moto. Hilo amelirithi kwangu, sina wa kumlaumu.

Sasa najua unachosubiri. Unataka kujua dada yako mstaafu anatafuta nini msituni na darubini shingoni. Basi weka kikombe chini, nikusimulie.

Unajua miaka yangu yote nimeimaliza kwenye ile meza ya simu ya hospitali, "habari za asubuhi, nikuunganishe na nani?", mpaka nikawa naisema usingizini. Nilipostaafu, nyumba ikanyamaza. Kama utani nikaanza kuzungumza na friji. Shemeji yako akasema nayamaliza masikio yake, na mimi nikaona kweli, huyu mzee hana kosa, mimi ndiye ninayehitaji mahali pa kwenda.

Mpwa wako ndiye aliyeliona tangazo ubaoni pale maktaba. Watafiti wa ndege walikuwa wanatafuta watu wa kujitolea, umri wowote, wenye masikio mazuri na uvumilivu. Alinisomea kwa mzaha, tucheke, yaishe. Mimi sikucheka. Masikio ninayo, madaktari wote wa hospitali ile niliwajua kwa pumzi kabla hawajafungua mdomo. Uvumilivu, nikasema moyoni, nitaupata hukohuko. Shemeji yako aliuliza kama ndege wameshaarifiwa. Nikaenda kununua mabuti.

Kambi yetu ni mahema machache na jiko la mabati, basi. Mkuu wetu ni msichana wa umri wa mpwa wako, anayesomea shahada yake ya mwisho kabisa, ile ambayo ukiipata hata mkunga anaanza kukuita daktari. Sisi tunamwita Bosi kwa kumtania. Ana sauti ndogo hivi kwamba hata akikasirika inabidi umsogelee ili usikie unavyogombezwa. Yupo pia Fundi Pete, bwana mkubwa mwenye vidole kama ndizi, ambaye kazi yake ni kuwavisha ndege pete za rangi miguuni ili tuwatambue. Ndege akitua kwenye kile kiganja chake anatulia tuli. Mimi ningekuwa ndege ningezimia. Halafu yupo Mpishi, ambaye anapika maharage kwa imani kwamba hakuna chakula kingine duniani.

Ndege wetu anaitwa kurumbiza. Ni mdogo, mgongo wa kijivu, kifua rangi ya chungwa, anapenda vichaka vyenye kiza na hataki kuonekana. Lakini mdomo wake sasa! Anaimba za kwake, anaimba za wengine, anaiga mwewe, anaiga njiwa, kuna mmoja anaiga sufuria la Mpishi likifunikwa. Bosi anataka kujua jambo moja tu: kurumbiza anajifunza wapi nyimbo zake? Kwa baba? Kwa jirani? Kwa yeyote anayepita? Kwa hiyo tunakaa kwenye vibanda vya turubai, tunasikiliza, tunanasa sauti, tunaandika nani kaimba nini.

Mimi nilipewa upande wa kijito. Mwenye eneo lile ni dume mwenye pete nyekundu na buluu, anayetembea kifua mbele, na nyusi zake nyeupe zimechorwa sawasawa. Nilimwita Bwana Harusi na jina likashika. Mke wake hatukumpa jina, maana hakuwa na muda nasi, alikuwa na mayai ya kulalia.

Siku ya kwanza Fundi Pete alinisomea masharti. Kibandani hakuna kuzungumza. Hakuna kukohoa kama unaweza kuzuia. Hakuna nguo ya kung'aa, hakuna manukato, hakuna simu. Nikaitikia yote. Wiki haikuisha nikawa nimepewa jina la Redio, kwa sababu nikitoka kibandani maneno yaliyojaa humo kifuani yalikuwa yanamwagika yote kwa mpigo, kwa yeyote niliyemkuta, hata kama ni Mpishi anachambua maharage. Lakini kazi naiweza, mdogo wangu. Bosi alinijaribu kwa sauti za ndege waliofanana kabisa nikawatenganisha wote, akaniambia hajapata kuwa na masikio kama haya kambini. Nilitembea siku nzima kama nimevishwa taji.

Sasa nakuja kwenye lile lililonifanya nikae chini kuandika barua nzima badala ya kukupigia.

Unaikumbuka simu yetu ya mwaka mpya. Wanangu walikuwa wamekuuliza bibi yao alikuwa anakuitaje ulipokuwa mdogo, ukataka kuwapigia ule mluzi wa Mama. Ukaanza vizuri, ukafika katikati, ukakwama. Ukaniuliza, "Dada, mwisho wake unapanda au unashuka?" Nikajaribu na mimi. Nikakwama pia. Tukajikuta tunazungumzia hali ya hewa, halafu ukampa wifi simu.

Sikukuambia siku ile, nakuambia leo: jambo lile liliniuma vibaya. Hukuweza kuja kwenye msiba wa Mama na mimi sijawahi kukulaumu, njia ni ndefu na kazi hazikuachii. Lakini ule mluzi tulibaki tunaujua watu wawili tu chini ya jua, na sisi wawili hatukuweza kuumaliza. Nikajiona kama tumemzika mara ya pili.

Nakukumbusha kwa ajili ya wanangu, uwasomee hapa. Bibi yenu hakuwa na sauti ya kupaza. Wenzake walisimama mlangoni wakaita mpaka mtaa mzima ukajua watoto wao wanatakiwa. Yeye alisimama mlango wa nyuma, akapitisha pumzi kwenye ule mwanya wake, na popote tulipo tulisikia. Jirani mmoja alimwambia si adabu mwanamke kupiga mluzi, Mama akampigia na yeye. Sisi tulipaswa kujibu. Mimi nilijibu kwa mbili fupi. Baba yenu wakati huo hakuwa na meno ya mbele, kwa hiyo jibu lake lilikuwa upepo na mate tu, fyuu. Na bibi yenu hakuingia ndani mpaka amesikia majibu yote mawili. Nikiwa nimejibu mimi peke yangu, alipiga tena, akasubiri.

Basi, nilipofika huku nikaamua kuutafuta. Kila alasiri naenda kijitoni kusuuza vikombe, na njiani nakuwa peke yangu. Nikawa naupiga kidogo kidogo, nakosea, narudia. Kuzungumza nilikatazwa, kupiga mluzi hakuna aliyenikataza, na mimi sikuuliza. Siku moja nimeinama na ndoo, sijui midomo ilikaaje, ukatoka wote. Unapanda, Kitindamimba. Unapanda, kisha unashuka mara mbili haraka, halafu unarudi juu unasimama kama swali. Nililia pale kijitoni mpaka nikacheka. Tangu siku hiyo nikawa naupiga kila nikienda na kila nikirudi, nisije nikaupoteza tena.

Nilidhani nipo peke yangu. Kijito ni cha Bwana Harusi, na mimi ndiye niliyeandika hivyo kwa mkono wangu.

Asubuhi moja Bosi alikuja mezani amekikumbatia kinasa sauti kama mtoto mchanga. Tangu nije sikuwahi kuyaona meno yake, siku hiyo niliyaona yote. Alisema amepata wimbo mpya kabisa, haumo katika rekodi za miaka iliyopita, haumo popote. Alianza Bwana Harusi, na sasa majirani zake wawili nao wanauimba. Anadhani umeletwa na dume mgeni kutoka upande wa pili wa mlima. Jioni iliyotangulia alikuwa ameshampigia Profesa wake, na Profesa amefurahi, anataka ausimulie kwenye mkutano mkubwa wa wataalamu wa ndege. Halafu akabonyeza kitufe tusikie.

Nikamsikia Mama.

Si kitu kinachofanana na Mama. Mama mwenyewe, na ule mwanya wake, kwenye mdomo wa ndege. Chai ilinipalia, Fundi Pete akawa ananigonga mgongoni kwa ile mikono yake mpaka nikaona nyota. Wote walidhani ni chai. Bosi aliurudia wimbo mara nyingi, na kila ukifika pale mwishoni unaposimama, moyo wangu unasimama nao.

Nitakuambia ukweli wangu wote. Mchana ule, kunyamaza kulikonishinda maisha yangu yote kulinijia kirahisi ajabu. Nilikaa kibandani nikajisemea, nani atajua? Acha tu kupiga mluzi, Redio, zima, mambo yatapita. Niliogopa. Niliogopa kurudishwa nyumbani nikazungumze na friji, na niliogopa sura ya yule mtoto, Bosi, itakavyokuwa. Lakini nilipotoka nikamkuta amekaa mlangoni mwa hema lake anauimba taratibu kwa midomo iliyofumba, mluzi wa Mama, anaandaa maneno ya kuwaambia wataalamu kuhusu dume mgeni ambaye hayupo. Nikajua siwezi. Asimame mbele za watu wazima wenye miwani na uongo wangu mkononi? Mama angenitoa msituni kwa kuniburuta sikio.

Nilisubiri tumalize kula. Nikasema, "Bosi, ule wimbo si wa upande wa pili wa mlima. Ule ni wa mama yangu mzazi."

Alitabasamu, akadhani nimeguswa tu kama watu wazima wanavyoguswa na mambo. Nikaona maneno hayatafika. Nikakaza midomo nikaupiga wote, mwanzo hadi mwisho. Fundi Pete akaweka kijiko chini. Mpishi akatoka jikoni na mwiko. Na kabla sijavuta pumzi, kichakani nyuma ya jiko, Bwana Harusi akaudaka akaurudisha kama ulivyo. Kama kuna mtu alibaki na shaka, ilimwishia pale.

Bosi hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliniuliza kwa ile sauti yake ndogo nimekuwa nikiupiga wapi, tangu lini, mara ngapi. Nikamjibu yote. Akafunga kinasa sauti kwenye mfuko wake, akachukua simu, akapanda kile kilima ambacho ndipo pekee mtandao unapopatikana.

Nilimwona kutoka chini. Alisimama, akaketi, akasimama tena, mkono mmoja kichwani. Mimi na haya masikio yangu yanayosifiwa sikusikia hata neno moja. Nikaingia hemani nikaanza kufunga begi. Nilikunja nguo zangu vizuri kuliko nilivyopata kukunja nguo maishani, kwa sababu sikutaka kumaliza. Mpishi alileta chai akaiweka nje ya hema.

Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Profesa alikuwa amesema rekodi zote za upande wa kijito haziwezi kutumika tena kwa ule utafiti wa kwanza. Zitolewe. Mdogo wangu, ni kazi ya miezi, ni alfajiri za baridi, ni miba na utelezi, na nimeiharibu mimi kwa mdomo wangu. Niliomba radhi, nikaomba tena. Nikamwambia begi liko tayari, gari la kituo likija kesho nitapanda.

Aliuliza, "Nani mwingine duniani anaujua wimbo huu?"

Nikamwambia hakuna. Ni mimi na mdogo wangu aliye mbali, na huyo naye anaujua nusu tu.

Akacheka, Kitindamimba. Machozi bado yako usoni, na anacheka. Kumbe swali hilo lilikuwa la Profesa, na jibu ndilo walilokuwa wanalingoja wote wawili. Akaketi kwenye kitanda changu, juu ya begi, akanieleza kwa maneno ninayoyaelewa. Nikuandikie alivyosema, maana nimeyashika kwa moyo:

"Nyimbo nyingine zote nazikuta zimeshafika, siwezi kujua zilianzia kwa nani. Huu najua mlango ulioingilia."

Yaani sasa wataufuata. Bwana Harusi alinisikia mimi. Majirani walimsikia Bwana Harusi. Nani atafuata? Utavuka kijito? Utafika mlimani? Na makinda yaliyo kwenye kiota, yatauchukua kwa baba yao au kwa jirani? Profesa amesema huwezi kwenda kwa ndege makusudi ukapata mwanzo safi namna ile, wimbo wenye mwenyewe mmoja. Amesema pia, na Bosi alinifikishia bila kupunguza, kwamba lililotokea halikupaswa kutokea, na kwamba yule mama asiondoke, kwa sababu hakuna mwenye sikio la kuutambua wimbo ule hata ukigeuzwa geuzwa kama alilonalo yeye.

Sharti ni moja. Nisiupige tena. Sio kijitoni, sio kambini, sio hata ndani ya shuka. Nikiupiga mara moja tu, hatutajua tena nani kajifunza kwa ndege na nani kajifunza kwangu. Niliapa pale pale. Asubuhi yake nikakuta Fundi Pete ameongeza sharti jipya chini ya yale mengine ubaoni, kwa herufi kubwa: REDIO ASIPIGE MLUZI. Sikuchukia. Nililifungua begi nikiimba, kisha nikakumbuka nikanyamaza.

Tangu hapo mambo yanakwenda vizuri mno. Bosi amerudi kuonyesha meno. Mkutano ule bado ataenda, ila atawasimulia ukweli, na amesema Mama atatajwa. Hakumtaja kwa jina, amemwandika "mama wa msaidizi wetu," na mimi nimeisoma sentensi hiyo mpaka karatasi imelegea. Fikiria, Kitindamimba, Mama yetu aliyekuwa anauza mboga mlangoni, anasomwa na maprofesa.

Makinda ya Bwana Harusi yameshatoka kiotani. Yana madoadoa na hayana akili bado, yanagongana na majani. Moja la kiume Fundi Pete amelivisha pete ya njano. Wiki hii limeanza kujaribu kuimba, na nilikuwa kibandani nililisikia. Lilianza mluzi wa Mama vizuri kabisa, likafika katikati, likakwama. Palepale ulipokwama wewe kwenye simu. Likarudia, likakwama tena. Nilicheka kwa kung'ata kola ya koti, mbavu zikaniuma, sikutoa sauti hata kidogo. Halafu Bwana Harusi akatoka kichakani, akaketi tawi la juu yake, akaupiga wote kwa taratibu mpaka mwisho. Nimempa yule mtoto jina lako. Usikasirike, ni mzuri kuliko wewe.

Kabla sijasahau, nisalimie wifi yangu na umwambie sweta aliyonitumia ndiyo inayoniokoa alfajiri, ingawa Bosi ameniambia niigeuze ndani nje kwa sababu ya rangi. Wasalimie wanangu mmoja mmoja, mkubwa kwa mkono, mdogo kwa busu, asikwepe. Shemeji yako anakusalimu, mpwa wako anakusalimu kwa kifupi. Mpishi, ambaye hajapata kukuona, anakusalimu pia na anataka kujua kama huko kuna maharage.

Sasa sikiliza la mwisho, ndilo kubwa.

Jana alasiri nilienda kijitoni na vikombe kama kawaida. Bwana Harusi alikuwa hapo juu ya jiwe. Alipiga mluzi wa Mama mara moja, ukapanda, ukashuka, ukasimama. Akanyamaza. Alikuwa anasubiri kama Mama alivyokuwa akisubiri mlango wa nyuma, na mimi nimesimama na ndoo, mtu mzima mwenye mvi, midomo inaniwasha kutoa zile mbili fupi. Akapiga tena. Nikajiziba mdomo kwa leso. Nimeapa, mdogo wangu, na mara hii Redio ameapa kweli. Nilirudi kambini bila kumjibu Mama, mara ya kwanza katika maisha yangu.

Nilimsimulia Bosi. Akaniomba namba yako. Ukiipata barua hii, wimbo utakuwa umeshafika kwenye simu yako, wote, hadi mwisho. Usiufungue ukiwa kazini, wala njiani. Ngoja ufike nyumbani. Waite wanangu, mwite wifi, nendeni mlango wa nyuma kama nyumba hiyo ina mlango wa nyuma, na kama haina, fungueni dirisha, baridi ivumilieni kidogo. Uache umalizike. Pale unaposimama, jibu. Anza na zile mbili fupi, hizo ni zangu, mimi nimekatazwa lakini wewe hujakatazwa. Halafu toa ya kwako, hata ikiwa upepo na mate, usione aibu mbele ya watoto. Toa kwa nguvu, Mama aingie ndani.

Mungu akulinde, akutunzie nyumba yako na goti lako, na atukutanishe tungali na meno.

Ni mimi dada yako nikupendaye, hata nikinyamazishwa,

Redio